Diski C ya Uongo

Kompyuta ya ghala la asali, Isevya,
ilikufa kwa virusi katikati ya masika.
Nikaiwekea Linux, ikaamka nyepesi
kama aliyetoka kunyolewa,
ila programu ya mizani ikagoma:
*Siioni Windows.*

Aliiandika Kapela, kaka yangu,
kabla figo hazijamwangusha.
Msimbo hakuuacha. Aliacha faili moja
na warina asali mia mbili wanaodai hesabu zao.

Basi nikamleta mkalimani, Wine
(jina la mvinyo, lakini halewi),
akakaa katikati.
Programu inauliza: Diski C iko wapi?
Anaionyesha folda: ndiyo hii.
Na mwenye nyumba?
Yupo, ametoka kidogo.

Mara ya kwanza, visanduku vitupu mahali pa herufi.
Mara ya nne, printa ikatema karatasi nyeupe.
Usiku wa sita, treni ya Mpanda imeshapita,
dirisha likafunguka, la kijivu, limekatika pembe:

*Umechelewa leo, Nyamizi. Ndoo ngapi?*

Utani wake wa kila asubuhi. Kumbe aliuficha humo.
Kwa mkalimani, hayo ni maneno tu ya kupitisha.

Nikaandika: kumi na saba.