Kadi ya Kiganja

Alfajiri ya Juni, umande haujakauka,
najifunga kitambaa puani, nabeba mashine mgongoni,
navuta kamba mara moja, mara mbili,
na kabla salfa haijafika kwenye jani la kwanza la mkorosho
mwanangu ameshaanza kujigonga kichwa ukutani.

Miaka mitatu sikuziunganisha sauti hizo mbili.

Nilisema ni deko. Nilisema ni kiburi cha kitinda mimba.
Shangazi yake alisema yupo mtu kamkanyagia kivuli.
Tukauza debe la korosho, tukaletewa maji ya dawa;
Twalibu akayamwaga, akachutama kutazama
yanavyojichorea njia kwenye udongo mwekundu.
Nikamchapa.
Nalisema hili kwa kuwa yeye hawezi kunishitaki.

Mama yake ndiye aliyekuwa akihesabu.
Somoe hana daftari, ana makopo:
mbegu moja akijing'ata, mbegu moja akikimbia bila nguo,
kopo la asubuhi, kopo la jioni, kopo la Ijumaa.
Siku moja akanimwagia yote mkekani.
"La asubuhi limejaa. La Ijumaa, usipokwenda kazini, tupu."
Hakuongeza neno. Alinitazama mabega,
pale mikanda ya mashine ilipoacha alama.

Mwalimu Nandonde, pale Kitangari, alitupa jina: usonji.
Nikalitia mfukoni kama stakabadhi ya chama cha msingi,
karatasi safi isiyosema utalipwa lini.
"Msianze na kusema," alisema. "Anzeni na kuomba.
Akiomba, apewe. Papo hapo, hata kama mnakula."

Tukakata boksi la sabuni.
Somoe akachora kwa mkaa: kata ya maji, muhogo, mkeka, choo.
Kata yake ilifanana na kiluwiluwi.
Siku ya kwanza Twalibu alizitafuna kadi.
Siku ya nne akazipanga mstari kutoka mlangoni hadi jikoni,
akalia tulipoukanyaga.
Siku ya ngapi sijui, usiku, koroboi imezimwa,
ncha ya kitu ikanigusa kifua.
Kiluwiluwi.
Nikamchotea maji, haya yetu ya Newala ya kununua kwa ndoo.
Akanywa mafunda mawili, akamwaga yaliyobaki,
akarudi na kadi ileile.
Nikachota tena. Nikachota mara sita.
Alikuwa na miaka saba, na hajawahi kuniomba kitu.

Kadi ya kiganja ilikuja baadaye.
Somoe aliulaza mkono wake juu ya boksi, akauzungushia mkaa.
Maana yake: basi.
Tulianza na madogo. Namkuna mgongo, ananipa kiganja, naacha.
Namwosha kichwa, kiganja, naacha,
povu likibaki sikioni mpaka kesho.

Juni hii, tena umande, tena kamba.
Nilikuwa shambani kwa Likwata, mikorosho ishirini kutoka nyumbani.
Nikamwona anakuja, mikono masikioni,
viwiko vimetanuka kama kuku anayetaka kuruka ua,
kadi kaibana kwa meno
maana mikono ilikuwa na kazi.

Nikazima.
Likwata akapaza sauti, "Mafuta yamekwisha?"
"Hapana," nikasema. "Nimeambiwa basi."

Mti ulibaki nusu njano, nusu kijani.
Twalibu akashusha mkono mmoja. Akasikiliza. Akashusha wa pili.

Kesho nitawasha tena; ubwiriunga haujui kusoma kadi,
na mashine hii ndiyo sembe yake.
Somoe atamtoa mapema, atampeleka bondeni kwa dada yake.
Siku nyingine watachelewa, na mbegu zitaingia koponi.

Hajasema baba.
Jana jioni alinipa kadi ya choo. Nikamshika mkono, tukaenda,
akasimama mlangoni, hakuingia, akanitazama.
Nadhani alitaka tu kuona kama nitanyanyuka.