Tano Ishirini na Tisa

Kwa Kiarabu, tano ni duara
na sufuri ni nukta,
kitone ambacho hata nzi angeweza kukiacha.
Nalisema hili mapema
kwa sababu kosa langu lote limo humo.

Hail Sidri, juu ya Ibra, nyumba sitini na tatu.
Falaji lilikauka mwaka aliozaliwa kaka yangu,
tukachimbiwa kisima, tukajengewa tangi la saruji
lenye ngazi ya chuma inayochoma viganja tangu saa mbili.
Funguo ninazo mimi. Daftari ninalo mimi.
Kazi yenyewe si ya kujigamba:
kinga maji kwenye kichupa,
tia kidonge, tikisa, hesabu mpaka kumi, tazama.
Yakigeuka waridi, klorini imo, watu wanywe.
Yakibaki meupe pe, masafi kama machozi,
hapo ndipo uogope.

Ramadhani pampu ya dawa iliharibika.
Sikujua. Ningejuaje?
Ngazi ni ndefu, kiu inakaba,
jana ilikuwa sufuri nukta tano,
juzi sufuri nukta tano.
Kisima hakihami, nikajiambia,
nikakaa sebuleni, miguu juu ya zulia,
nikaandika.
Hata siku ile wadi liliposhuka,
tope mpaka kwenye mdomo wa kisima,
mbuzi wa Bin Zahir wakielea matumbo juu,
niliandika tano.
Kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi ya Idi akaja Mayyasa, binti wa kaka yangu,
miaka sita, shule ya kulipia mjini,
ambako tano ina kofia na kitambi.
Akafunua daftari, akafuata mistari
kwa kidole kinachonata halua.
"Shangazi, mbona sufuri, sufuri, sufuri?
Hamna kitu?"

Nikacheka.
Kicheko kikafika nusu ya koo, kikakaa hapo.

Nikapanda na nguo zangu za Idi.
Kidonge. Meupe.
Kidonge cha pili. Meupe.
Chini, nyumba kwa nyumba, nilisikia buli za kahawa zikijazwa,
nikawakumbuka wajukuu watatu wa Bi Rayya
wanaoharisha tangu kumi la mwisho,
na sisi sote tukilaumu sambusa.

Muhanna, fundi wa pampu, alinisikiliza, akakuna kidevu.
"Wino si unao? Tia tano ya leo.
Usiku natengeneza. Nani atajua?"
Hakuwa mtu mbaya. Alinipa mlango,
mlango ule ule niliokuwa nikiupita kwa mwezi mzima.
Lakini maji nilikwisha yavulia nguo.

Niliandika nukta.
Nukta moja, kalamu ikatetemeka kana kwamba naandika jina la marehemu.
Chini yake: siku ishirini na tisa sikupima. Saini.
Kisha karatasi kwenye mlango wa msikiti: chemsheni.

Ikawa Idi ya masufuria.
Likaja lori la maji, la buluu, likazuia njia;
akaja kijana wa idara na kasha la barafu na chupa zake;
ikaja barua yangu, nimeihifadhi ndani ya daftari, ukurasa ule ule.
Bi Rayya hakuniitikia salamu siku tisa.

Tangi likamwagwa, likasuguliwa, likajazwa.
Siku ya kumi na mbili kidonge kikayeyuka
na rangi ikaja polepole,
hafifu kama ukucha wa Mayyasa.
Sufuri nukta nne.
Siyo tano. Nne.
Sijawahi kuipenda nambari namna ile.

Niliposhuka Bi Rayya alikuwa chini ya ngazi,
ndoo mkononi, mdomo ameukunja.
Nikamjazia gilasi.
"Kunywa wewe kwanza," akasema.
Nikanywa. Yalinuka dawa.
Akangoja nimalize,
mpaka tone la mwisho,
kisha akaigeuza gilasi juu chini, kuhakikisha.