Dakika Ishirini

Treni ya Kigoma husimama Tabora dakika ishirini.
Ikichoka, saa nzima.
Mimi hupanga biashara kwa zile ishirini.

Daraja la tatu nauza kichupa cha elfu mbili
kwa mama aliyefunga noti kwenye pindo la kanga.
Hataki hotuba, anataka kuonja.
Namdondoshea tone kwenye ukucha,
kisha natazama uso wake, si mkono.

Daraja la pili sigongi dirisha.
Nasema mara moja, "Ya nyuki wadogo, Sikonge,"
nanyamaza.
Mwenye kuitaka huamka mwenyewe.

Mihambo hupiga kelele behewa zote,
chupa moja, bei moja, maneno yale yale.
Nilipoweka elfu saba, akaweka tano.
Nikashuka tano, akashuka tatu.
Tulishuka kama ndoo mbili kisimani
hadi tukagonga tope.

Tope lile ndilo lililonifunza ubaya.
Nilichemsha sukari guru, nikachanganya nusu kwa nusu,
nikajiambia: abiria ni mpita njia,
atanipatia wapi?

Alinipata.
Kibarua wa chumvi, wa Uvinza, miezi minane baadaye,
alitoa chupa dirishani, imeumuka, povu hadi shingoni.
Hakutukana. Alisema tu,
"Nilimpelekea mama mkwe."
Behewa zima likasikia.
Usiku ule sikuuza hata tone,
na Mihambo, ambaye hakuchanganya kitu,
naye hakuuza.

Nikaenda Ng'ambo kwa Kalunde, mchapa kadi za harusi.
"Jina la kampuni?"
Hakuna kampuni. Andika Nyanzala Msabila,
namba ya simu, na msitu ilikotoka.
Akataka kuongeza nyuki anayetabasamu.
Nyuki wangu hawatabasamu.

Nikapandisha bei: elfu tisa.
Mihambo alicheka mpaka akakaa chini.
Wiki mbili nilirudi na kreti zima kichwani,
ya tatu nikarudi na chupa nne,
na sauti ya mtu nisiyemjua, simuni, kutoka Nguruka:
"Ndiye wewe wa kwenye chupa?"
Ndiye mimi. Sikuwa na pa kujificha tena.

Usiku wa leo, dirisha la nne,
kijana kapokea chupa, anapekua mfuko,
treni ikang'oka.
Nimekimbia hadi saruji ilipoishia.
Noti ilikuwa mkononi mwake, inapepea, haifiki.
"Namba iko kwenye chupa!"
Sijui kama alisikia.

Mihambo amenipa pole, ya kweli.
Amenisaidia na kreti.

Sasa watakuwa wamepita Urambo.
Sasa Kaliua; pale mtandao upo.
Simu iko kifuani, kimya.
Sijalala, na si kwa ajili ya elfu tisa.
Nataka kujua
kama jina langu linasomeka gizani.