Bendera Mbili za Mezani

Jumatatu, ukungu wa Julai ukiwa bado umeikalia Kaloleni,
Bwana Nnko wa itifaki aliingia kibandani kwangu na futi yake mwenyewe,
kana kwamba futi za mafundi hulewa.
Alitaka bendera mbili za mezani:
moja ya wale wenye manowari,
moja ya yule Jemadari asiyelala nyumba moja siku mbili.
"Zilingane," alisema. "Zisipishane hata unene wa uzi.
Wakikuta moja fupi, hawakai.
Wasipokaa, unajua."

Sikujua. Mimi najua satini.
Najua nyekundu huchuja ikilowa,
na nyota ya pembe tano ukiiharakisha
hutoka na mguu mmoja mfupi.

Redioni walikuwa wakihesabu:
meli tatu, kisha tano, kisha ile inayobeba ndege.
Jemadari akajibu kwa gwaride la usiku,
makombora juu ya malori, yamepakwa rangi mpya
kama majeneza ya matajiri.
Sifaeli, kijana ninayemfundisha kazi,
akauliza kama yana kitu ndani au ni matupu.
"Pengine hata mwenye nayo hajui," nikamwambia,
"na hapo ndipo pa kuogopa. Kata."

Jioni alikuja Mama Ndelilio kutoka sokoni.
Mwanawe anasomea utabibu kule kwa Jemadari, mwaka wa nne.
Redio hakuitaka. Aliitaka bendera,
akaupapasa mstari wa kijani kwa kidole chenye udongo wa viazi.
"Chuo chake kiko upande huu?"
Ningejibu nini?
Nikamwambia ndiyo, huku karibu na pindo,
palipokunjwa mara mbili.

Jumatano usiku, simu.
Watu wa Jemadari wanataka yao izidi kwa upana wa kidole.
"Kidole cha nani?"
Nnko hakucheka.
Saa sita akapiga tena: wakubwa wamesikia, yao nayo izidi.
Nikafumua, nikashusha pindo, nikashona, nikafumua.
Kufika alfajiri bendera zilikuwa zimerefuka
kama watoto wanaopimana ukutani kwa vidole vya miguu;
mezani zingeangusha glasi za maji.

Alhamisi Jemadari alimkamata waziri wake wa mambo ya nje
kwenye ngazi ya ndege, begi likiwa limeshapakiwa.
Nyota ya saba ni ya mkoa wa waziri yule.
Itolewe.

Niliitoa kwa wembe, uzi mmoja mmoja.
Lakini satini haisahau sindano.
Ukiiinua kwenye mwanga wa mlango
matundu yanaichora nyota palepale ilipokuwa,
na sasa inawaka.
"Ipige pasi," alisema Nnko.
Nikaipiga pasi.
Tundu halipigwi pasi.

Ijumaa hawakuja.
Binamu yangu anayepanga viti ukumbini anasema
maji yalimiminwa, yakakaa, yakamwagwa;
maua yakarudishwa kwa muuzaji kwa nusu bei.
Saa nne Meru ukafunguka, mlima mzima mpaka kileleni,
kama vile hakuna aliyeahirisha lolote.

Ujumbe wa mwisho wa kijana ulifika Jumanne:
*Umeme umekatika. Nimekula. Usiogope.*
Tangu siku hiyo mama yake anatuma, na alama inabaki moja, ya kijivu.
Aliniomba ile nyota niliyoitoa.
Hakusema ya nini, sikuuliza.
Aliifunga kwenye ncha ya kanga, pale anapofunga hela,
akarudi kwenye viazi vyake.

Bendera ziko rafuni, uso kwa uso,
chini ya sare za shule, zenye haraka zaidi.
Sifaeli ameshika daftari la madeni,
anauliza la Bwana Nnko aliandikeje.

Nimemwambia atumie penseli.