Kalamu Ndefu

Mwaka wangu hapakuwa na kuchagua.
Walikwangua ngozi ya juu ya jicho
kama ukwanguavyo barafu kwenye kioo cha gari
asubuhi ya Julai hapa Tokoroa,
wakadondosha vitamini ya manjano, tone, tone, nusu saa,
kisha taa ya zambarau, nusu saa nyingine.
Nilikuwa na miaka kumi na sita.
Siku tatu nililala chini ya kitanda, si juu yake,
kwa kuwa kule kulikuwa na giza zaidi.
Mama alinisukumia chai sakafuni, kama mfungwa.

Sasa ni zamu ya Teokotai. Ana miaka kumi na mmoja.
Tangu chavua ya misonobari ianze kutanda juu ya magari
anafikicha macho: kwa ngumi, kwa mkono wa sweta,
anafikicha usingizini. Nimemvisha soksi mikononi, akazivua kwa meno.
Mwiba wa kujidunga, alisema shangazi Ngametua.
Nikamwambia: pole hailipiwi, shangazi. Mpe tu.

Hospitalini Hamilton wamechora ramani ya jicho lake.
Kuna kilima chekundu pasipotakiwa kilima.
Miezi minne iliyopita kilikuwa kichuguu.

Daktari Vaikunthan anaweka kalamu mbili mezani.
Hii ndefu ni ile ya dada yako, anasema.
Hii fupi: mwanga mkali zaidi, dakika kumi au chini ya hapo,
mtoto hachoki kulala bila kutikisika.
Na ipo ya tatu (anapapasa mfukoni, hapati kalamu,
anaweka kifuniko cha chupa)
hii haikwangui kitu. Maumivu ni madogo,
ila dawa hupenya kwa shida, kama mvua juu ya turubai.

“Ipi inashika?” anauliza Mama.

Kuhusu mtu mzima angejibu upesi.
Kuhusu mtoto anasema “huenda”
mara tano. Nimehesabu.
Ile ndefu tumeifuatilia miaka mingi zaidi.
Ile fupi huenda ikatosha. Huenda tukairudia.
Jicho la mtoto lina mbio zake.

Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa.
Hapa samaki anajikunja mwenyewe,
nasi tunatafuta namna ya kumkausha akiwa amenyooka.

Mama ananigeukia. Si mimi anayenitazama,
ni jicho langu la kushoto, kilima ambacho
kwa miaka minane hakijasogea.
Mimi ndiye ushahidi wake pekee, na ushahidi huo
unaikumbuka sakafu, baridi ya mbao zake shavuni.

Teokotai anazunguka juu ya kiti cha daktari.
“Taa yenyewe ina rangi gani?”
Zambarau.
“Inaunguza?”
Si wakati ule. Baadaye.
Anasimamisha kiti kwa kidole cha mguu.
“Baadaye utakuwepo?”

Nikasema, “Ndefu.” Sauti ilitoka kavu,
na daktari akaandika bila kuinua kichwa.

Ndani ya gari, tulipofika Putāruru,
niliona ile kalamu mkononi mwa Teokotai.
Hakuna aliyemwambia airudishe.
Usiku nikafagia chini ya kitanda,
nikatoa kiatu kimoja, sarafu, ganda la ndizi lililokauka,
nikatandika magodoro mawili.