Safu ya Tabia na Mwenendo

Ripoti tisini na mbili, kalamu moja ya bluu,
na luku imekata saa mbili kasoro.
Nawasha tochi ya simu, naiegemeza kwenye kikombe.
Kigogo hailali: jenereta la kinyozi,
na mtoto wa jirani anakariri jedwali la saba,
anakwama, kama jana, kwenye saba mara nane.

Nimefika kwa Siwema Kibwana, darasa la nne.
Hisabati: kumi na nane kati ya hamsini.
Kiswahili: thelathini na moja.
Sayansi hakufanya, alimsindikiza bibi yake kliniki.
Alama huingia upesi, tarakimu haina ubishi.
Kinachonikalisha ni ile safu ya kulia,
vijisanduku vyenye upana wa punje ya mchele,
kila kimoja kinadai herufi moja tu.

Usafi.
Sketi ina kiraka cha kitambaa cha pazia,
lakini kakishona mwenyewe, mishono midogo
iliyonyooka kuliko mistari yangu ubaoni.
A.

Ukweli na Uaminifu.
Kalamu inasimama.

Aprili, maji ya Msimbazi yalipogusa uzio wa shule,
tuliambiwa tuwatoe watoto, wadogo kwanza.
Nilihesabu darasa la kwanza kwa macho, mara moja: wamo.
Siwema, ambaye hakutumwa na mtu,
akahesabu kwa kugusa vichwa, midomo ikicheza,
akarudi mwanzo, akahesabu tena.
"Mwalimu, wako arobaini na wawili.
Asubuhi nilimimina uji vikombe arobaini na vitatu."

Huyohuyo wa kumi na nane.

Tulimkuta Lusajo nyuma ya choo, kakumbatia nguzo,
kaptula imelowa, na si kwa mvua.
Siwema akavua sweta, akamfunga kiunoni.
Kisha akakaa dimbwini, pwaa, na sketi yake yote,
akainuka, akamshika mkono,
akawaambia wale waliokwisha fungua vinywa kucheka:
"Tumeteleza. Mimi na yeye."

Nilikuwa pale. Nilisikia.
Sikumsahihisha.

Nielezeni basi, mliochora fomu hii:
uongo ule ni wa herufi gani?

Ukutani ofisini pameandikwa kwa rangi ya mafuta
kwamba hapa tunalea akili, mikono na moyo.
Neno la mwisho limebanduka, limebaki "mo".
Mwalimu mkuu anasema bajeti ijayo.
Mwaka wa tano huu napita chini yake
na madaftari hadi kidevuni, sijawahi kuinua uso.

Ijumaa mama yake atakuja, ananukia mihogo ya kukaanga.
Kidole kitashuka kwenye namba, kama vidole vya wazazi wote,
kitatua kwenye kumi na nane. Atasonya.
Huku kulia hatafika, labda nimshike mkono.

Naandika A.
Kisha, kwenye mstari mmoja wa Maoni ya Mwalimu:
Hisabati aongeze bidii. Ile siku ya mafuriko
mstari umekwisha, napanda pembeni,
nazunguka mahali pa muhuri, naandika ndogondogo,
sasa niko nyuma ya karatasi, ambako hapaandikwi.

Jirani, kimya. Halafu sauti, taratibu:
hamsini na… sita?
Tochi ina asilimia kumi na moja.
Zimebaki ripoti sitini.