Bendera Mbili

Havant, Februari, mvua ya kupapasa.
Niko chini ya jengo, chumba namba tisa,
feni za kabati la diski zinanguruma,
chai yangu imefanya utando.

Miaka yote amri ilijua njia moja.
Andika: mzigo unakwenda, mkono unarudi mtupu.
Soma: mkono unakwenda mtupu, unarudi na mzigo.
Aliyeitunga programu hii, nisiyemjua,
aliweka "ama", akaweka "au",
akafunga mlango, akaenda kula.

Sasa imekuja amri ya namna nyingine:
pokea data hii mpya,
ilinganishe na ya zamani iliyolala hapo,
niletee tofauti, safari hiyohiyo.
Bendera ya kuandika juu. Bendera ya kusoma juu.
Programu ikaziona zote mbili, ikababaika
kama karani aliyepewa salamu na kudaiwa deni kwa pumzi moja.
Ikaandika. Ikasahau kusoma.
Ikaripoti: tayari, hakuna kosa.

Kosa nalistahimili.
Ni hilo "hakuna kosa" lililoninyima usingizi.

Alasdair kasema, "Igawe mara mbili,
andika kwanza, halafu soma, nani atajua?"
Nikamwambia: katikati hapo mwingine ataingia,
na tofauti utakayoisoma itakuwa ya watu.
Akakuna ndevu. Akaenda kuwahi treni.

Kwetu Pangani sahani ya jirani hairudi tupu.
Mama hakuwahi kunieleza kwa nini.
Aliitazama tu, imeoshwa, imekauka,
akaitia maandazi mawili, hata yakiwa ndiyo ya mwisho:
"Mpelekee Bi Mwanashehe, na usikimbie."

Mwaka nilipohamia hapa
nilimpelekea Bi Pridmore, ukuta kwa ukuta, sambusa.
Sahani ilirudi inang'aa,
na kikadi cha asante chenye picha ya ndege.
Nikaiweka kabatini
kama mtu aliyekatiwa simu.

Basi usiku huu naongeza bafa ya pili.
Moja ya kutoka, moja ya kuingia,
kila moja na urefu wake, kila moja na baki yake,
maana kilichopungua kwenda
si lazima kipungue kurudi.
Kichwa cha pakiti kimerefuka kama kilemba cha bwana harusi;
nimekipa nafasi.
Palipokuwa na "au" nimeweka "na".
Mistari mia nne na kumi na saba
kwa neno la herufi mbili.

Saa nane, taa zikapepesa pamoja.
Baiti mia tano na kumi na mbili zikaenda,
mia tano na kumi na mbili zikaja, na si zilezile.
Mara ya kumi na tatu ikagoma.
Nimeandika daftarini: mara ya kumi na tatu.

Alfajiri, geti la reli la Warblington limeteremshwa.
Treni ya kwenda ikapita, geti halikupanda:
ya kurudi nayo ilikuwa njiani.
Nikasimama na baiskeli, mvua shingoni, nikijihesabia.
Sambusa nilipeleka, ndiyo.
Bendera ya pili nani aliinua?

Saa tatu nikagonga kwa Bi Pridmore, sahani mkononi.
"Nimekuletea maandazi," nikasema,
"na naomba ndimu moja, kama unayo."
Akanitazama. Akaitazama sahani.
Akaingia ndani, akaacha mlango wazi.